Mama Ndoo, Aliyeingia Wengine Wakitoka

Ndugu, jamaa, majirani na rafiki zetu mliofika leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, tunawashukuru. Familia imenipa mimi kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, katika watoto wanne wa mama yetu, ndimi niliyebaki. Mngenipa suruali niipunguze kiuno ningefurahi zaidi. Mimi ni fundi cherehani, tena mwoga tangu utotoni. Mkiona karatasi inacheza mikononi mwangu, msidhani ni upepo.

Marehemu dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ndoo tu, na huenda leo ndiyo mara ya kwanza mnaliona jina la cheti chake kwenye jalada la ratiba hii, alizaliwa alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Machi 1961. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee. Mimi nilimfuata baada ya miaka miwili.

Tangu juzi nimesikia watu wakisema alizaliwa na moyo wa chuma. Naomba nilisahihishe hilo mapema. Dada alikuwa mtoto mwoga kuliko wote mtaani kwetu. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa aliyefungwa. Aliogopa hata kuitwa jina lake kwa sauti. Mvua ikianza kupiga bati alikuwa anaingia uvunguni mwa kitanda, ananivuta mguu niingie naye, na tulikaa humo tumeshikana mpaka mama aje agonge ubao wa kitanda na kuuliza, "Hodi, wenyeji mpo?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni ya wasichana mpaka mwaka 1978. Ripoti zake zote mama alizitunza, na karibu kila moja mwalimu wa darasa ameandika maneno yale yale: "Anajua, ila hasemi." Mwaka 1980 alihitimu chuo cha uhazili, na Januari 1981 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika idara ya maji. Miaka mitano baadaye alihamishiwa masjala, chumba cha chini kabisa cha jengo lile, chenye taa zinazopepesa na makabati ya mafaili yanayofika darini. Alifanya kazi yake vizuri na hakuna aliyemlalamikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na malalamiko, na hakujua ayapeleke wapi.

Maana dada alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu ila mimi. Aliogopa kwamba atakufa hajajua alichokuja kufanya duniani. Alijiunga na kwaya, akatoka. Akajifunza kufuma vitambaa, akafuma kimoja na nusu. Akaoka keki za mapambo, mumewe, shemeji yangu, akazila kimya kimya kama mtu anayetumikia kifungo. Akalima uyoga chini ya ngazi, uyoga ukaota ukutani kwa jirani. Siku moja alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa na kuniuliza:

"Wewe ulijuaje kwamba cherehani ndiyo yako?"

"Sikujua," nikamwambia. "Baba alinileta hapa nikalia siku tatu. Siku ya nne nikasahau kulia."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mimi nina miaka thelathini na nne, na hakuna kazi hata moja ambayo nikinyang'anywa nitailia. Hilo linanitisha, mdogo wangu. Linanitisha kuliko radi."

Hiyo ilikuwa mwaka 1995. Jumanne tarehe 14 Novemba mwaka huo huo, kama saa nne asubuhi, mhudumu wa ofisi alivuta kabati moja la masjala ili afagie nyuma yake. Akatoka nyoka. Alikuwa swila, yule anayeinua kifua na kutema sumu machoni mwa mtu. Mhudumu alipiga yowe na masjala nzima ikaparaganyika. Mkuu wa masjala, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, alipatikana baadaye ghorofa ya pili. Walitoka wote isipokuwa marehemu. Watu wamesimulia kwamba alibaki kwa ujasiri. Mwenyewe aliniambia hivi: "Miguu ilikataa. Niliiambia twende, ikasema tangulia wewe."

Alisimama amekumbatia faili kifuani, na yule nyoka ameinuka mbele yake, hatua tatu tu. "Nilikuwa nausikia moyo kwenye meno," alisema. "Halafu nikamwangalia vizuri. Ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka mbio mbio kama wangu. Nikasema, kumbe tupo wawili. Maisha yangu yote, kila nilichokiogopa chenyewe kilikuwa hakiniogopi. Radi hainiogopi. Mkuu wa idara haniogopi. Huyu ni wa kwanza tuliyeogopana."

Walitazamana hivyo dakika kama kumi. Nyoka akashusha kifua, akageuka kutafuta pembe ya kujificha. Hapo ndipo mlinzi alipoingia na bomba la chuma, akampiga mpaka akamsagasaga. Watu wakampigia mlinzi makofi. Dada alikwenda chooni, akajifungia. Jioni alipita kibandani kwangu na macho mekundu, nikadhani tumefiwa.

"Hakuna aliyekufa," akaniambia. "Ila nimelia. Umesikia? Nimelia."

Sikumwelewa, na nilipomwelewa niliogopa zaidi. Jumamosi iliyofuata alikwenda bustani ya wanyama ya mji wetu na kumtafuta mtunza nyoka, mtu mfupi mwenye nusu ya dole gumba, ambaye muda wote alikuwa anamumunya peremende. Akamwambia anataka kufundishwa namna ya kumtoa nyoka ndani ya nyumba bila kumuua. Yule bwana akamtazama sketi yake ya ofisi, akamuuliza, "Unaogopa?"

"Mpaka tumbo linakata."

"Afadhali. Wasioogopa nimeshawazika wawili. Njoo Jumamosi ijayo, uvae viatu vya kufunika mguu."

Alikwenda kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Nyumbani aliaga kwamba anajifunza kompyuta. Huko alifundishwa kutumia fimbo ya chuma yenye ndoano, kuvaa miwani ya fundi wa kuchomelea, kuingia chumbani taratibu kwa kuwa nyoka husikia kishindo kupitia sakafu, na kulaza ndoo kiubavu, mdomo ukielekea kwa nyoka, kwa sababu nyoka aliyeshikwa na hofu hutafuta giza, na ndoo ina giza. Hiyo ndoo nyekundu ya lita ishirini yenye mfuniko wa kukaza ndiyo iliyompa jina. Mimi nilikutana nayo mwezi Juni 1998 jikoni kwake. Nilikuwa na kiu, nikadhani ni ya maji, nikafungua. Dirisha la jiko lile lina nondo, nanyi majirani mnalijua. Mpaka leo sijui nilipitaje.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yangu, mwoka mikate, na tarehe 2 Mei 1989 Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike. Shemeji ni mtu mpole. Hana tabia ya kupaza sauti, maana waoka mikate huamka wakati watu wamelala na huzoea kunong'ona. Lakini siku alipojua Jumamosi zile za kompyuta zilikuwa za nini, alipaza. Na tarehe 30 Aprili 2001, marehemu alipoacha kazi ya idara ya maji ili awe mtoa nyoka na mwalimu wa mambo ya nyoka, kazi ambayo mji wetu haukuwa nayo na wala haukuwa na jina lake, shemeji alifunga nguo zake ndani ya gunia la unga na kwenda kwa mama yake. "Nimechoka kusikiliza mlango," alimwambia. "Kila ukiondoka nasikiliza mlango kama utafunguliwa. Chagua."

Dada alikaa na binti yake wa miaka kumi na miwili ndani ya nyumba iliyonyamaza. Aliogopa sana miezi ile. Alikuja kwangu akaniambia huenda amekosea, huenda anaivunja nyumba yake kwa ajili ya viumbe ambao hawawezi hata kumwambia ahsante. Nilimshauri arudi masjala. Naungama leo mbele yenu: nilimshauri arudi masjala, na nilisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza mlango. Akasema, "Nikirudi kule, mume wangu atarudi kwa nani? Mimi sitakuwepo."

Siku ya arobaini na tatu shemeji alirudi na gunia lake. Hakuna aliyemsuluhisha. Alisema tu, "Kule kwa mama naogopa bila kujua uko wapi. Hapa nitaogopa nikijua." Akanunua gari kuukuu la kubebea mizigo, na tangu siku ile, mikate ikishatoka tanurini, yeye ndiye aliyempeleka mkewe kila alikoitwa. Hakuingia ndani hata siku moja. Aliegesha nje, akaliacha gari likinguruma, na kwenye kioo alikuwa amebandika karatasi yenye majina ya hospitali zenye dawa ya sumu ya nyoka.

Ijumaa tarehe 3 Agosti 2007 karatasi ile ilifanya kazi yake. Marehemu aliitwa kwenye stoo ya shule, akamtoa bafe, nyoka mnene mvivu anayelala kama gogo. Akamfunga ndoani. Kisha, fimbo ikiwa hatua mbili tu kutoka alipo, akasogeza boksi la chaki kwa mkono ili ahakikishe. Walikuwa wawili. Wa pili alimgonga mkono wa kushoto, katikati ya vidole viwili vya mwisho. Hospitali ya kwanza dawa ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwa mwendo wa saa tatu. Shemeji anasema njia nzima dada alikuwa anamwambia, "Usikimbize gari, utatuua wote," na mkono unavimba mpaka pete ya ndoa ikabidi ikatwe kwa koleo kando ya barabara. Alilala wodini siku kumi na tisa. Mara mbili daktari alituita nje ya mlango na kuongea nasi kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu hapa anaijua. Dada akapona. Vile vidole viwili vilikunjika na havikunyooka tena.

Sote tulimpigia magoti aache. Akaacha. Ndugu zangu, miezi saba ile sijui niielezeje. Ndoo aliigeuza kifudifudi uani na hakuipita karibu. Ung'ongo wa mkeka ukianguka sakafuni aliruka. Simu zikiita alimwachia mwanawe apokee. Tuliyemwombea usalama alikuwa salama, anakaa kwenye kiti pale dirishani tangu asubuhi hadi chai ya jioni, na kila nilipomtembelea nilimkuta amepungua. Mwili ulikuwa ule ule. Kilichopungua sikijui jina lake.

Jumapili tarehe 16 Machi 2008, baada ya chakula cha mchana, mwalimu wa zamu wa shule moja ya bweni alipiga simu. Shemeji alikuwa safarini kuleta unga, mimi nilikuwa nimekuja na gauni la mpwa wangu. Mwalimu alikuwa analia. Swila ameingia bweni la wasichana wadogo. Wote wametoka isipokuwa mmoja, aliyekuwa amelala kitanda cha juu, na nyoka amejikunja kwenye kitanda cha chini yake, pembeni ya ngazi. Mtoto yuko pale juu saa ya pili sasa. Walinzi wanataka kuingia na marungu.

"Siendi," dada akasema, akakata simu. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Unajua kuendesha ile pikipiki ya jirani?"

Tulipofika getini alishuka akatapika kwenye maua ya shule. Akajifuta mdomo, akawaambia walinzi wakae mbali na waache kukanyaga kanyaga. Mlangoni mwa bweni akajaribu kushika ndoo kwa mkono wa kushoto, ule wa vidole viwili vilivyokunjika. Ikamponyoka. Akajaribu tena, ikamponyoka. Akageuka kunitazama.

"Dada," nikasema, "mimi ni fundi cherehani."

"Najua. Njoo polepole."

Niliingia. Bweni lilikuwa refu, vitanda pande zote mbili, madaftari yametawanyika sakafuni jinsi watoto walivyokimbia. Kitanda chenyewe kilikuwa cha nne mkono wa kulia. Nilimwona mtoto kwanza, kajikunyata pembeni, shuka mdomoni. Halafu nikamwona yule mwingine.

"Mama," dada akamwambia yule mtoto, kwa sauti ya mtu anayeongea dukani, "unaogopa?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

"Hata mimi. Na huyu mjomba ndiye anaogopa kutushinda wote, mwangalie alivyo. Sasa tuogope pamoja, lakini taratibu. Usishuke mpaka nikuambie. Funika macho na hilo shuka."

Nililaza ndoo pale aliponielekeza. Nilipiga goti nyuma yake, mfuniko mkononi. Dada aliingiza ndoano chini ya tumbo la nyoka, na nyoka akainuka, akatema. Nilisikia matone yakipiga miwani ya dada kama mvua ya kwanza kwenye bati. Hakurudi nyuma. Alisimama ametulia na ile fimbo, anapumua kwa mdomo, na miguu yake, naiona mpaka leo, ilikuwa inatetemeka kuanzia kwenye goti. Alisubiri. Hakumsukuma. Nyoka akashuka kwenye godoro, akashuka sakafuni, akaliona giza la ndoo, akaingia kidogo kidogo, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba. Mkia ulipopita, dada akasema, "Sasa," nami nikafunika. Suruali niliyovaa siku ile niliishona mwenyewe. Sikuivaa tena, na naomba msiniulize kwa nini.

Mtoto alishuka akamrukia dada shingoni. Tulipotoka nje dada alikaa kwenye kibaraza na kulia kwa kwikwi, anacheka humo humo. "Nilidhani woga ukirudi mkubwa hivi ndiyo kazi imekufa," akaniambia. "Kumbe haukuwahi kuondoka. Nilikuwa nafanya nao kazi siku zote."

Kutoka pale hakukaa tena dirishani. Miaka kumi na tano iliyofuata aliwafundisha zimamoto, wasoma mita za umeme, wauguzi wa zahanati, na watoto wa shule zaidi ya sitini, jinsi ya kusimama, kumwachia nyoka njia, na kumwita mtu badala ya kuokota jiwe. Wapo waliomsema. Wapo waliovuka barabara wakimwona na ndoo yake. Mwaka 2015 binti yake, ambaye ni mpima ardhi na alizoea kukutana na nyoka porini, alipoomba kufundishwa, mama mkwe wa marehemu alisema, "Ndiyo hayo. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Marehemu akamjibu, "Ahsante, mama," kwa adabu kabisa, na mama mkwe mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Tarehe 21 Septemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, ikiwa imeshakwenda mbali. Alitibiwa kwa miezi minane. Katika ugonjwa huo ndipo nilipoliona daftari lake. Alinituma nilichukue kabatini, daftari la shule la kurasa mia mbili, na ndani yake ameandika kila nyoka aliyemtoa: tarehe, mahali, aina, na mwisho wa mstari namna alivyoogopa. Niliogopa. Niliogopa sana. Niliogopa kidogo, nilikuwa nimekula. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta siku moja ambayo hakuogopa. Sikuiona.

Aliomba kalamu. Kwenye mstari mpya akaandika tarehe, akaandika "wodi namba tano", pale pa aina akaacha wazi, na mwishoni akaandika "sana".

"Hapa umeacha nini?" nikamuuliza.

"Nyoka namjua," akasema. "Namjua anataka nini, namwachia njia anapita. Huyu anayekuja simjui tabia."

Nilianza kutetemeka pale kwenye kiti, na yeye akanyoosha ule mkono wake wa vidole vilivyokunjika, akanishika goti. "Wewe umekuja kunitia moyo," akasema, "au umekuja nikutie?" Tukacheka, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye, na muuguzi akaja kutukemea. Sikutoka pale mpaka saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, na siku zilizofuata nilikuwa nafika kabla hazijaanza.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mumewe alikuwa amemshika mkono wa kulia, mwanawe wa kushoto. Mimi nilikuwa miguuni. Dakika za mwisho macho yake yalikuwa wazi, na hayakuwa ya mtu asiyeogopa. Yalikuwa ya mtu anayeangalia vizuri.

Nilidhani wasifu ungeishia hapo, na ndivyo nilivyouandika Jumatano na kuupeleka kwa mchapaji. Lakini juzi, Alhamisi, kama saa tisa alasiri, tukiwa tumekaa na waombolezaji sebuleni, simu ya marehemu iliita juu ya meza. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Mpwa wangu akaipokea, na kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, sote tulisikia sauti ya mwanamke akinong'ona. "Naomba Mama Ndoo. Nyoka yuko chini ya kitanda cha mtoto. Mtoto amelala. Nifanye nini, naomba Mama Ndoo."

"Mama Ndoo hayupo," mpwa wangu akasema. "Mimi ni mwanawe. Usimwinue mtoto haraka. Niambie nyumba iko wapi."

Shemeji alisimama akaziba mlango. Yeye ambaye hapazi sauti. "Hapana," akasema. "Siku tatu hazijaisha. Hapana, mwanangu. Sina nafasi ya woga mwingine, nimejaa."

"Baba," mpwa wangu akasema, "hata mimi nimejaa."

Walisimama hivyo, na sebule nzima tukisikia ile simu iliyokuwa wazi, yule mama akipumua upande wa pili. Kisha mwoka mikate akasogea pembeni. Nikafuata nyuma, sijui kwa nini, miguu ilitangulia. Sitaeleza mengi ya kule. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, mama amesimama juu ya stuli, mtoto wa miezi minne kitandani chini ya chandarua. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na tatu, shemeji alizima gari, akashuka, akaingia ndani. Alimnyanyua mtoto yeye, kwa ile mikono yake ya kunyanyua mikate isibonyee, wakati binti yake ameinama chini ya kitanda na fimbo. Alikuwa swila mdogo, urefu wa mkono. Tuliporudi, mpwa wangu aliomba chakula. Alikuwa hajala tangu Jumanne. Baba yake alimkatia mkate, akakaa mbele yake akimtazama anavyotafuna mpaka akaumaliza.

Nikarudi kwa mchapaji, nikamwambia kuna aya inaongezwa.

Marehemu ameacha mume mmoja, mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, mama mkwe mwenye miaka tisini na mmoja ambaye yuko mstari wa mbele hapa na ameomba atajwe, na mdogo wake mmoja ninayewasomea. Ameacha pia watu wengi wa mji huu ambao wako hai na hawakupata kujua kwamba walikuwa karibu kufa.

Dada, Mungu akupokee mahali penye mwanga wa kutosha kuona kila kona. Pumzika, na kuanzia leo usiogope.